ULYSSES GRANT NA ASKARI WA WILAYA YA JO DAVIESS

Majenerali wengi ambao majina yao yamehifadhiwa katika historia walipanda vyeo ngazi kwa ngazi, kutoka chuo cha kijeshi hadi makao makuu, bila kuvua sare. Ulysses Grant wa Marekani hakupita njia hiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka nchini mwake mwezi Aprili 1861, yeye alikuwa raia wa kawaida mwenye umri wa karibu miaka 39, karani katika duka la ngozi la baba yake kwenye mji mdogo wa Galena, wilaya ya Jo Daviess, jimbo la Illinois. Alikuwa amekwisha kuacha jeshi, tena si kwa heshima kubwa. Alikuwa ameshindwa ukulima na ameshindwa biashara. Hata hivyo, kabla ya miaka mitatu kutimia, alikabidhiwa majeshi yote ya Serikali ya nchi yake.

Maisha ya mtu huyu yamesimuliwa mara nyingi. Sisi tumeona vema kuyaeleza kwa wasomaji wetu, askari na polisi, kwa upande usiotajwa sana: pamoja na wale watu wa wilaya moja walioondoka naye kwenda vitani. Hao walikuwa mafundi, makarani, wachimba madini na wakulima. Jenerali hajitengenezi peke yake, na habari za Grant zinalithibitisha jambo hilo kuliko habari za majenerali wengi.

MWANA WA MTENGENEZA NGOZI

Grant alizaliwa tarehe 27 Aprili 1822 katika kijiji cha Point Pleasant, jimbo la Ohio. Baba yake, Jesse, alikuwa mtengeneza ngozi. Mtoto aliichukia kazi ile kwa sababu ya damu na harufu ya ngozi mbichi, akapenda farasi. Mwaka 1839 baba yake alimpatia nafasi katika chuo cha kijeshi cha West Point. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hiram Ulysses, lakini mbunge aliyepeleka maombi aliliandika vingine, na jeshi likashikilia yale yaliyokuwa kwenye karatasi. Tangu siku hiyo akaitwa Ulysses S. Grant hadi kufa kwake.

Chuoni hakung'ara. Alihitimu mwaka 1843 akiwa wa 21 kati ya wanafunzi 39, akisifiwa zaidi kwa kupanda farasi. Katika vita vya Marekani na Mexico, mwaka 1846 hadi 1848, alipewa kazi ya ofisa ugavi wa rejimenti yake. Kazi hiyo haina sifa wala nishani nyingi: ni kuhesabu magunia, kutafuta nyumbu, kupakia hema na kuhakikisha kwamba chakula kinawafikia askari kabla ya giza. Hata hivyo aliusogelea mstari wa mbele kila alipopata nafasi, na karibu na mji wa Mexico, mwaka 1847, yeye na askari wachache walipandisha mzinga mdogo juu ya mnara wa kanisa wakawapiga adui kutoka huko. Baadaye maishani aliona kwamba vita vile havikuwa vya haki, kwa kuwa taifa lenye nguvu lilimwonea jirani mnyonge. Lakini somo la ugavi hakulisahau. Alikwisha kuona kwa macho yake kwamba ushujaa wa askari hauwezi kudumu kuliko rasheni yake.

MIAKA YA SHIDA

Mwaka 1848 alimwoa Julia Dent, binti wa mwenye shamba na watumwa katika jimbo la Missouri. Miaka minne baadaye rejimenti yake ilihamishiwa pwani ya Pasifiki. Walipokuwa wakivuka Panama, kipindupindu kiliwaingia, na watu wengi katika msafara wakafa, askari pamoja na wake na watoto wao. Grant ndiye aliyebaki nyuma akihangaika na wagonjwa na mazishi.

Huko California alikaa mbali na mkewe na watoto, bila fedha za kuwaleta. Upweke ukamwelemea, na habari za ulevi wake zikaenea miongoni mwa maofisa. Mwaka 1854, akiwa na cheo cha kapteni, alijiuzulu. Alipofika New York akirudi nyumbani alikuwa hana hata fedha za kulipia hoteli, na ofisa mwenzake wa tangu West Point, Simon Buckner, akamsaidia. Tunawaomba wasomaji walikumbuke jina hilo.

Miaka sita iliyofuata ilikuwa ya taabu tupu. Alilima karibu na mji wa St. Louis kwenye shamba la ukoo wa mkewe, akajijengea nyumba ya magogo kwa mikono yake. Mazao yalipoharibika aliuza kuni mitaani akiwa amevaa koti lake kuukuu la kijeshi. Mwaka 1857 aliweka rehani saa yake. Mwaka 1859 aliomba kazi ya mhandisi wa wilaya akanyimwa.

Katika mwaka huo huo wa 1859 alifanya jambo moja ambalo halikuonekana kubwa wakati ule. Alikuwa na mtumwa mmoja, William Jones, aliyempata kwa baba mkwe wake. Kama angemuuza, angepata fedha za kutosha kulipa madeni mengi. Badala yake alikwenda mahakamani akatia sahihi hati ya kumwachia huru. Mtu asiye na shilingi mfukoni alikataa fedha zilizokuwa halali kwa sheria ya wakati ule, na sisi tunaona kwamba hapo ndipo tabia yake ilipojulikana, kabla ya vita vyovyote kumpa cheo.

Mwaka 1860 alisalimu amri mbele ya umaskini. Alihamia Galena na familia yake kufanya kazi katika duka la baba yake, pamoja na wadogo zake wawili waliokuwa wakijua biashara kuliko yeye.

WILAYA YA MADINI YA RISASI

Galena ni mji ulio kando ya mto mdogo unaoingia katika mto mkubwa wa Mississippi. Jina lake limetokana na mawe yanayotoa madini ya risasi, ambayo ndiyo yaliyoujenga mji huo na kuitajirisha wilaya ya Jo Daviess. Mwaka 1860 mji ulikuwa na watu wapatao 8,000. Grant hakujulikana sana. Alipita kimya kimya akipanda vidaraja vya mlimani kwenda nyumbani, mtu mfupi, mwenye mabega yaliyoinama kidogo.

Mwezi Aprili 1861 majimbo ya Kusini yaliyojitenga kwa ajili ya kuulinda utumwa yalipiga mizinga ngome ya Serikali iitwayo Fort Sumter. Rais Abraham Lincoln aliomba askari 75,000 wa kujitolea. Habari zilipofika Galena, watu walijaa katika jengo la mahakama. Mwanasheria kijana, John Rawlins, ambaye utotoni alikuwa akichoma mkaa pamoja na baba yake, alitoa hotuba ndefu iliyoamsha mkutano mzima. Mbunge wao, Elihu Washburne, alikuwapo. Siku mbili baadaye ulifanyika mkutano wa pili wa kuandikisha askari, na kwa kuwa Grant ndiye aliyekuwa amesomea uaskari, alitakiwa awe mwenyekiti. Alisema maneno machache tu, kwa haya, akawaeleza waliohudhuria maisha ya askari yalivyo: mshahara, rasheni, kazi na nidhamu. Hakuwaahidi utukufu.

Kombania ya wilaya ilipoundwa, alitakiwa awe kapteni wake. Alikataa. Aliamini kwamba mtu aliyepata mafunzo kamili ya kijeshi kwa gharama ya Serikali alistahili kutumika katika kazi kubwa zaidi ya ile. Ukapteni akapewa mfanyabiashara Augustus Chetlain. Lakini Grant, ingawa hakuwa na cheo, hakurudi dukani. Aliwafundisha vijana wale kwata. Aliwaeleza wanawake wa mji aina ya kitambaa na mshono wa sare, nao wakashona pamoja na mafundi cherehani. Tarehe 25 Aprili kombania ilipoandamana kwenda kituo cha garimoshi, na mji mzima ukatoka kuwaaga, yeye alifuata nyuma akibeba mfuko wake mkononi, amevaa nguo za kiraia.

Wale vijana wakaingizwa katika Rejimenti ya 12 ya Illinois. Mwishoni mwa mwaka huo wilaya ikatoa rejimenti nyingine, ile ya 45, iliyoitwa Rejimenti ya Migodi ya Risasi. Kanali wake, John E. Smith, alikuwa sonara. Luteni kanali wake, Jasper Maltby, alikuwa fundi bunduki. Na William Rowley, karani wa mahakama, alikuwa mmoja wa maluteni wake.

KANALI ASIYE NA SARE

Katika mji wa Springfield, makao ya serikali ya jimbo, Grant alipewa meza na karatasi. Kazi yake ilikuwa kujaza fomu na kupokea makuruti. Aliandika barua Washington akiomba kazi, hakujibiwa. Alikwenda Cincinnati kumwona Jenerali McClellan aliyemfahamu tangu zamani, akangoja ofisini siku mbili bila kupokelewa, akarudi. Wengi wangekata tamaa. Yeye alirudi kwenye fomu zake.

Mwezi Juni 1861 Gavana wa Illinois alikuwa na rejimenti moja iliyomshinda kanali wake wa kwanza. Askari walikuwa wakiiba kuku wa wakulima na kutoroka kambini usiku. Gavana akamkabidhi Grant. Alifika kambini bila sare wala farasi wa kijeshi, na askari wakamcheka. Hakugomba. Alitoa amri fupi, akaadhibu waliostahili kwa kipimo kimoja bila upendeleo, akarudisha kwata za kila siku. Rejimenti ilipotakiwa kwenda Missouri, aliamua waanze safari kwa miguu badala ya garimoshi, ili njia yenyewe iwe chuo chao. Baada ya majuma machache ile iliyokuwa genge ikawa rejimenti.

Huko Missouri alipata somo jingine. Alipewa kazi ya kushambulia kambi ya kanali mmoja wa waasi. Alipokuwa akipanda kilima, moyo ulimpanda hadi kooni. Lakini alipofika juu alikuta adui amekwisha kuondoka. Hapo ndipo alipotambua kwamba yule kanali alimwogopa yeye kama yeye alivyomwogopa. Hofu ya namna ile haikumtawala tena katika vita vyote.

Mwezi Agosti, kwa jitihada za Mbunge Washburne, alipandishwa cheo kuwa brigedia jenerali. Mara moja alimtaka Rawlins awe ofisa wake mkuu wa ofisi. Rawlins alikuwa ndiyo kwanza amefiwa na mkewe kwa kifua kikuu, akiwa na watoto wadogo. Alizika, akaja kambini. Baba yake Rawlins alikuwa mlevi, naye alichukia pombe kuliko adui. Alijipa kazi ya kumlinda Grant na chupa, akimwonya waziwazi bila kujali nyota zilizokuwa mabegani mwa mkubwa wake. Grant hakumfukuza. Kamanda anayeweza kumvumilia msaidizi wa namna hiyo ana nguvu ambayo cheo hakiwezi kuileta.

DONELSON NA SHILOH

Mwezi Februari 1862 Grant aliteka ngome ya Fort Henry, kisha akazingira Fort Donelson katika jimbo la Tennessee. Rejimenti za 12 na 45 zilikuwa humo. Theluji ilianguka, na askari waliokuwa wametupa makoti na mablanketi yao njiani waligandamana na baridi usiku kucha, wamezuiwa kuwasha moto mbele ya adui. Maltby, yule fundi bunduki wa Galena, alijeruhiwa.

Asubuhi ya tarehe 15 Grant alikuwa mtoni akishauriana na mkuu wa manowari, na nyuma yake adui akatoka ngomeni akavunja upande wake wa kulia. Aliporudi alikuta vurugu. Aliona kwamba mateka waliokamatwa walikuwa na mifuko iliyojaa chakula cha siku tatu. Wengine walidhani hiyo ni dalili kwamba adui amejiandaa kwa mapigano marefu. Yule ofisa ugavi wa zamani alielewa vingine: askari wa ngome hawabebi chakula cha siku tatu isipokuwa wanataka kukimbia. Akaamuru mashambulizi ya mara moja upande wa pili. Siku ya pili ngome ilisalimu amri bila masharti, na aliyekuja kuikabidhi alikuwa Simon Buckner, yule yule aliyemsaidia New York. Grant hakulegeza masharti hata kidogo; lakini shughuli ilipokwisha, alimchukua rafiki yake kando akamtolea mfuko wake wa fedha atumie kifungoni.

Ushindi huo ulimpa jina nchi nzima. Majuma saba baadaye jina hilo likakaribia kupotea. Tarehe 6 Aprili 1862, mahali paitwapo Shiloh, adui aliikuta kambi yake bila mahandaki, naye mwenyewe alikuwa kilomita zaidi ya kumi kutoka hapo. Siku ile ilikuwa ya damu. Usiku mvua ilinyesha. Nyumba ndogo aliyotaka kujikinga ilikuwa imegeuzwa hospitali, naye hakuweza kustahimili vilio vya waliokuwa wakikatwa viungo, akarudi kuketi chini ya mti. Asubuhi alishambulia, akaurudisha uwanja. Watu waliouawa, kujeruhiwa na kupotea kwa pande zote mbili walizidi 23,000. Rejimenti za Jo Daviess zilipata hasara kubwa, na majina yalipobandikwa Galena hapakuwa na mtaa usio na msiba.

Sisi hatuoni sababu ya kuyaficha makosa yake. Kutochimba mahandaki kule Shiloh lilikuwa kosa la kamanda, na walilipa askari. Kosa jingine, baya zaidi kwa upande wa haki, ni amri aliyoitoa mwezi Desemba 1862 ya kuwafukuza Wayahudi wote katika eneo lake la kijeshi, kwa kuwa baadhi ya wafanyabiashara walivusha pamba kwa magendo. Familia zisizo na hatia zilitolewa majumbani mwao. Rais Lincoln aliifuta amri hiyo mwezi Januari 1863, na Grant aliijutia maisha yake yote. Askari na polisi wanajua vishawishi vya namna hiyo: kumtafuta mkosaji mmoja ni kazi, kuliadhibu kabila zima ni rahisi. Urahisi huo ndio uonevu wenyewe.

WACHIMBA MIGODI MBELE YA VICKSBURG

Mwaka 1863 Grant alipewa kazi ya kuuteka mji wa Vicksburg uliofunga mto Mississippi. Alivuka mto chini ya mji, akaachana na njia zake ndefu za ugavi, akapigana mara tano katika majuma machache, kisha akauzingira.

Katika mji huo watu wa Jo Daviess walifanya kazi waliyoijua tangu utotoni. Kwa kuwa ngome haikuvunjika kwa mizinga, askari wenye uzoefu wa migodi walichaguliwa katika rejimenti mbalimbali wachimbe chini ya ukuta. Tarehe 25 Juni kiasi cha kilo 1,000 za baruti kililipuliwa, na shimo kubwa likafunguka. Rejimenti ya 45 ndiyo iliyotangulia kuingia. Shimo lile liligeuka kuwa mtego: waliokuwa juu waliviringisha mabomu yenye tambi zinazowaka juu ya vichwa vya waliokuwa chini. Waliokufa ni pamoja na meja wao, na luteni kanali wao alipata jeraha lililomuua. Maltby, wakati huo kanali, alijeruhiwa tena kwa vipande vya mbao. Ngome haikuanguka siku ile.

Iliangushwa na njaa. Tarehe 4 Julai 1863 askari wa Kusini wapatao 29,000 waliweka silaha chini. Kwa heshima ya damu iliyomwagika shimoni, Rejimenti ya 45 ilipewa nafasi ya kuingia mjini kwanza, ikapandisha bendera juu ya jengo la mahakama. Grant aliwapa mateka chakula na kuwaruhusu waende makwao kwa kiapo. Askari wake waliingia bila kuwazomea walioshindwa, wakagawana nao mikate iliyokuwa mifukoni.

MHINDI MWEKUNDU NA ASKARI WEUSI

Miongoni mwa waliotoka Galena alikuwamo Ely Parker, wa kabila la Seneca, mmoja wa makabila ya wenyeji wa kwanza wa Marekani. Alisoma sheria, akanyimwa kibali cha uwakili kwa kuwa wenyeji hawakuhesabiwa kuwa raia. Akawa mhandisi, akaja Galena kusimamia ujenzi wa majengo ya Serikali, na huko akafahamiana na Grant akiwa karani wa duka. Vita vilipoanza Parker alijitolea, akajibiwa na wakubwa kwamba vita hivyo ni vya wazungu. Grant hakujali. Mwaka 1863 Parker alipata ukapteni, na baadaye Grant akamchukua katika ofisi yake.

Chetlain naye, yule kapteni wa kwanza wa kombania ya wilaya, alipandishwa kuwa brigedia jenerali, akapewa kazi ya kuandikisha na kufundisha askari weusi huko Tennessee. Watu weusi wapatao 180,000 walitumika katika jeshi la Serikali kabla ya vita kwisha, wengi wao wakiwa wametoka utumwani. Mwaka 1864 Kusini ilikataa kuwahesabu watumwa wa zamani kuwa mateka wa vita kama askari wengine. Grant akakataa kubadilishana mateka mpaka wote wahesabiwe sawa. Kwake yeye, aliyevaa sare ya jeshi lake alistahili ulinzi wa jeshi lake.

BEI YA USHINDI

Mwezi Machi 1864 Grant alifanywa luteni jenerali na mkuu wa majeshi yote. Alikwenda Virginia kupambana na Jenerali Robert Lee, kamanda hodari kuliko wote wa Kusini. Katika majuma sita tu ya mwezi Mei na Juni majeshi ya Serikali yalipoteza watu wapatao 55,000, waliouawa, kujeruhiwa na kutekwa. Tarehe 3 Juni, huko Cold Harbor, aliamuru mashambulizi dhidi ya mahandaki yaliyokamilika, na maelfu wakaanguka katika asubuhi moja bila faida. Majeruhi walilala kati ya mistari miwili kwa siku kadhaa huku makamanda wawili wakiandikiana barua juu ya masharti ya kuwaondoa. Grant aliandika baadaye kwamba aliyajutia mashambulizi yale daima. Lakini tofauti yake na waliomtangulia ni kwamba baada ya kila pigo hakurudi nyuma. Alimsukuma Lee hadi Petersburg, akamzingira kwa miezi tisa.

Tarehe 9 Aprili 1865, katika kijiji cha Appomattox Court House, Lee alisalimu amri. Alivaa sare mpya na upanga. Grant alikuja na koti la askari wa kawaida na viatu vyenye matope. Masharti yalikuwa mafupi: silaha ziwekwe chini, maofisa wabaki na silaha zao za pembeni, na kila mtu aende kwao, wala asisumbuliwe na Serikali maadamu anatii sheria. Lee alipoeleza kwamba wengi wa askari wake walikuja na farasi wao wenyewe, Grant aliwaruhusu wawachukue, kwa kuwa majira ya kulima yalikuwa yamefika. Akaagiza rasheni za watu 25,000 zipelekwe kwa adui aliyekuwa na njaa. Mizinga ya Serikali ilipoanza kulia kwa furaha, aliamuru inyamaze.

Hati yenyewe ilinakiliwa kwa mkono wa Ely Parker. Mtu aliyeambiwa kwamba vita havimhusu ndiye aliyeandika karatasi iliyovimaliza.

Miezi michache baadaye wakubwa wa Serikali walitaka Lee ashtakiwe kwa uhaini. Grant alikwenda kwa Rais Andrew Johnson akaeleza kwamba aliahidi, na kwamba atajiuzulu kama ahadi yake itavunjwa. Mashtaka yakaachwa.

BAADA YA BUNDUKI KUNYAMAZA

Vita vile viliua zaidi ya watu laki sita. Galena ilihesabu majenerali tisa waliotoka katika mji huo mmoja: Grant, Rawlins, Parker, Chetlain, John E. Smith, Maltby, Rowley, na wengine wawili, John Duer na John C. Smith. Maltby hakurudi kwenye karakana yake. Alifanywa meya wa Vicksburg, mji ule ule uliomjeruhi, akafa huko mwaka 1867. Mwezi Agosti 1865 Grant alirudi Galena, na wenyeji wakampa nyumba.

Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa Rais, akatawala vipindi viwili, 1869 hadi 1877. Alitumia nguvu za Serikali dhidi ya genge la Ku Klux Klan lililowaua na kuwatisha watu weusi huko Kusini. Lakini aliamini watu kupita kiasi, na baadhi ya wasaidizi wake walikula rushwa chini ya kivuli chake. Rawlins, aliyekuwa Waziri wa Vita, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1869. Hakupatikana mwingine wa kumwambia ukweli kwa sauti ile.

Mwaka 1884 mshirika wake wa biashara alimwibia mali yote, na katika mwaka huo huo saratani ya koo ikamshika. Kwa kuwa hakuwa na cha kuiachia familia, aliketi akaandika kumbukumbu za vita vyake, akiwa na maumivu makali, sauti imekauka, akiandika kwa kalamu mpaka siku za mwisho. Alimaliza siku chache kabla ya kufa, tarehe 23 Julai 1885. Kitabu hicho, alichokitoa kwa askari na mabaharia, kilimpatia mjane wake dola zipatazo 450,000. Lilikuwa pambano lake la mwisho, na alilishinda.

Katika siku zile za mwisho alikuja mgeni kumwona: Simon Buckner, aliyemsaidia alipokuwa maskini na aliyesalimu amri kwake kule Donelson. Kwenye mazishi huko New York, Buckner alikuwa miongoni mwa walioliheshimu jeneza, bega kwa bega na majenerali wa upande wa Serikali.

Sisi tunaoishi kwa amri na sare tuna mengi ya kujifunza hapa, lakini tutataja moja tu. Vijana wa Jo Daviess walipotoka Galena hawakuongozwa na shujaa; waliongozwa na wenzao, na nyuma yao alitembea mtu asiye na cheo aliyekubali kufundisha kwata, kupima vitambaa na kujaza fomu mpaka alipohitajiwa. Kazi ndogo zilizofanywa kwa uaminifu zilimwandaa kwa kazi kubwa. Naye alipoipata nguvu ya kuangamiza, alijua pa kuikomesha: siku ambayo adui aliweka silaha chini, alimhesabu kuwa mtu mwenye njaa anayetaka kurudi shambani kwake.